Poka: namna ya kucheza karata zenye utata ukikaa na mtu ambaye bado hajaiva

Kila tukimaliza kucheza hapa barazani Shangani lazima kuna mtu atanivuta pembeni aniulize swali lile lile, "nilikuwa na jeki mbili, jamaa akafuata mpaka mwisho na karata za ajabu, pale ningefanyaje?" Mwingine anatuma meseji usiku kutoka Mikindani, mwingine yuko Lindi mjini, na maswali yote ukiyakusanya ni kama swali moja tu. Yani wameshajua sheria, wameshaangalia video za mabingwa, halafu wakikaa na mtu ambaye hajui mchezo vizuri wanaliwa, na hawaelewi kwa nini. Nimeona niandike yote sehemu moja, mtu akiuliza tena nimpe hii asome.

Nazungumzia poka ile ya karata mbili mkononi na tano za mezani, Texas Hold'em. Sirudii sheria, nachukulia unajua mpangilio kuanzia jozi moja, jozi mbili, seti yaani tatu za aina moja, streiti yaani tano zinazofuatana, flashi yaani tano zote kopa au zote pau, fulu hausi yaani tatu za aina moja pamoja na jozi, nne za aina moja mpaka streiti flashi. Na unajua karata tatu za kwanza mezani ni flopu, ya nne tani, ya tano riva.

Maneno mengine nayatumia hivi, tusije tukapishana: kuweka dau, kufuata dau la mwenzako, kupandisha dau, kupita bila kuweka kitu, na kutupa karata. Mzigo ni vyote vilivyorundikana katikati ya meza. Mkwara ni kuweka dau huku huna kitu ili mwenzako akimbie.

Jambo lenyewe ni hili, ukilishika mengine yote utayapanga mwenyewe: mtu ambaye hajaiva kwenye poka ugonjwa wake ni kufuata. Anataka kuona. Karata zikiwa mbovu anafuata, zikiwa za kati anafuata, na ukimtishia anafuata kwa hasira. Mtu wa hivyo usimtishe, mtoze. Ukiwa na karata nzuri mwekee dau kubwa, ukiwa huna kitu pita, na siku ambayo yeye ndo anapandisha ghafla, muamini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

Karata pakiti moja kamili ya 52, toa majoka. Zihesabu kweli, pakiti nyingi za barazani zimepungua 2 ya pau au kitu kama hicho na watu wanacheza mwezi mzima bila kujua, halafu hesabu zote nitakazokupa hapa chini zinakuwa uongo.

Vya kuwekea dau. Sisi tunatumia korosho ghafi na kete za bao, zile komwe. Korosho moja ni 1, komwe moja ni 10. Kila mtu anaanza na korosho 50 na komwe 5, jumla 100. Mkiwa watu watano mnahitaji korosho 250, kilo moja na nusu hivi inatosha, na komwe 25, kwa hiyo bao moja lenye kete zake 64 linawabeba bila shida. Korosho ziwe zimekauka na maganda yake yawe mazima, iliyopasuka itoe, yale mafuta ya ganda yanachubua vidole na ukijisahau ukajifuta jicho ndo balaa.

Mchezo ukiisha korosho zinarudi kwenye kiroba cha mwenyewe. Hapa nasema kwa moyo wote, usigeuze hii kuwa ya pesa. Kwanza huku kwetu wengi dini hairuhusu kamari na unamuweka mwenzako pabaya, pili michezo ya pesa Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003 na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni, baraza lako halina leseni. Na mtoto chini ya miaka 18 hapo ndo kabisa. Ukitaka ushindani, anayemaliza na korosho zote mwandikeni jina kwenye daftari, watu watacheza kwa bidii ya kutosha.

Daftari na kalamu basi, na sehemu yenye mwanga. Dau la lazima, lile wanaloweka wawili wa kushoto kwa mgawaji kabla ya kuanza, liwe 1 na 2.

Hatua

1. Msome mwenzako kabla karata ngumu hazijaja

Nusu saa ya kwanza usiwe na haraka. Mtu akifunua karata mwishoni angalia alikuwa na nini na alifanya nini nazo toka mwanzo. Aliweka dau? Alifuata tu? Alifuata na jozi ya tatu, yaani ya karata ndogo ya mezani? Hapo ndo utajua umekaa na nani, na huku kwetu wapo wa aina tatu.

Wa kwanza mfuataji, huyu ndo wengi. Anacheza karata nyingi, hapandishi karibu kabisa, anafuata mpaka riva. Wa pili mwoga, anatupa karata mpaka awe na kitu kikubwa, ukimuwekea dau anaachia. Wa tatu mkwara mwingi, anapandisha kila saa, korosho zake hazikai. Ukichanganya hawa watatu umekwisha, kwa sababu dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Mfuataji humpigi mkwara, mwoga unampiga, na yule wa tatu unamuachia ajipige mwenyewe.

Kosa la kawaida: mtu anamsoma mwenzake kwa sura au kelele. Mzee kanyamaza basi mwoga, kijana anaongea sana basi mkwara. Hapana, soma karata zilizofunuliwa. Mzee aliyenyamaza anaweza kuwa mfuataji kuliko wote hapo.

2. Hesabu mzigo na hesabu kilichobaki mbele yake

Kabla hujafanya chochote jua mzigo una ngapi na yeye kabakiwa na ngapi. Watu wanaruka hii hatua kila siku. Jeki mbili na mtu mwenye korosho 15 zilizobaki ni uamuzi wa sekunde moja, weka zote, akifuata sawa. Jeki mbili hizo hizo na mtu mwenye 150 ni habari nyingine.

Na hesabu ya kufuata ni hii tu: unacholipa, gawa kwa mzigo wote ukishalipa. Mzigo una 40, yeye kaweka 20, unalipa 20 na mzigo utakuwa 80. 20 kwa 80 ni asilimia 25. Kama unaamini utashinda zaidi ya mara moja katika nne, fuata. Kama huamini, tupa. Nadharia inaishia hapo.

3. Uweke mkono wako kwenye fungu moja

Jiulize, huu mkono ni wa kutoza, wa kungojea, au wa kutupa? Wa kutoza ni ule ambao akifuata na takataka zake wewe unashinda mara nyingi. Wa kungojea hauna kitu sa hivi ila karata ikija unakuwa mkubwa. Wa kutupa unajijua. Karata zinakuwa ngumu pale unapokataa kuchagua fungu, unaweka dau nusu nusu, unafuata nusu nusu, mwisho hujui hata unatafuta nini.

4. Zicheze zile zinazosumbua

Hapa ndo penyewe, nachukua zile ninazoulizwa.

Jeki mbili. Watu wanazichukia na sababu ipo, flopu ikishuka kwa asilimia 57 kutakuwa na angalau karata moja kubwa kuliko jeki, kwini, kingi au ree. Kumi mbili ndo mbaya zaidi, karibu asilimia 70. Kwini mbili 41, kingi mbili 23. Kwa hiyo kuona karata kubwa mezani ni hali ya kawaida ya jeki, usishtuke kama umeonewa.

Tuseme umepandisha hadi 8 kabla ya flopu, wamefuata wawili, mmoja wao yule wa dau la lazima kubwa, mzigo una 25. Inashuka kwini ya pau, 7 ya kopa, 2 ya uru. Wote wanapita mpaka kwako. Wengi hapa wanapita na wao, wanaogopa kwini. Weka 12. Mfuataji atakufuata na 7, atafuata na 5 mbili, atafuata na ree kavu kabisa, na wote hao unawashinda. Ndiyo, kuna siku ana kwini, lakini mwenye kwini ni mmoja kati ya wengi wanaofuata. Tani ikiwa karata ya kawaida na amebaki yeye peke yake, pita. Riva akipita tena weka kidogo, 15 hivi, atafuata kwa 7 yake maana anataka kuona. Akikuwekea yeye dau kubwa riva, tupa bila kinyongo.

Iwe ree badala ya kwini mambo yanabadilika kidogo. Mtu ambaye hajaiva haachii ree, ree na 3 anacheza, ree na 6 anacheza, kwa hiyo flopu yenye ree inamgusa mara nyingi kuliko ya kwini. Pita mara moja, akiweka dau dogo fuata mara moja, la pili tupa.

Ree na kingi, flopu haijakugusa. Karata mbili tofauti zinapata jozi kwenye flopu kama mara moja katika tatu, kwa hiyo mara mbili katika tatu utakuwa huna kitu zaidi ya uzuri wa macho. Wakiwa watatu mbele yako, pita, mambo yakiwa magumu tupa. Akiwa mwoga peke yake, weka nusu ya mzigo mara moja: 10 kwenye mzigo wa 20, inabidi aachie mara moja tu katika tatu na wewe hujapoteza, na mwoga naye flopu inamkosa mara nyingi hivyo hivyo. Akiwa mfuataji hiyo 10 umeichoma. Kingi na ree zako bado zinaweza kushinda bila jozi mkipita wote mpaka mwisho, nimeona mara nyingi sana.

Ree na karata ndogo, tuseme ree na 7, flopu ina ree, 9, 4. Una jozi ya juu ila karata yako ya pembeni ni mbovu. Huu ni mkono wa kutoza mara mbili, siyo mara tatu. Weka flopu, pita tani, weka kidogo riva. Kwa nini upite katikati? Kwa sababu mzigo ukivimba sana wanaobaki ni wenye ree kubwa kuliko yako au jozi mbili. Akipandisha popote pale, ree-7 ni ya kutupa.

Flashi ya kungojea. Una kopa mbili, flopu imeleta kopa mbili. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 47 usizoziona, karata inayofuata ina asilimia 19 ya kukupa, ukizihesabu zote mbili tani na riva ni 35. Njia ya haraka ya kichwani: karata zinazokuokoa zidisha kwa 2 kama unaangalia karata moja, zidisha kwa 4 kama utaziona zote mbili bila kulipa tena. Streiti iliyo wazi pande zote ni karata 8, streiti ya kuziba pengo katikati ni 4 tu, hiyo ya mwisho wengi wanaifukuzia kama vile ni nusu kwa nusu na ni asilimia 8 na ushee.

Mzigo 30, kaweka 10. Unalipa 10, mzigo utakuwa 50, unahitaji asilimia 20 na unayo 19, fuata, kwa sababu kopa ikishuka yule bwana ataendelea kukulipa, hiyo ndo faida ya kukaa na mfuataji. Kaweka 30 kwenye 30? Unahitaji 33, tupa, labda awe na rundo kubwa mbele na una uhakika atalimwaga. Usipandishe na flashi ya kungojea ukitegemea ataachia. Haachii. Na angalizo, ile hesabu ya kuzidisha kwa 4 watu wanaitumia flopu halafu tani wanalipa tena, hapo umejidanganya, 35 ni ya mtu anayeziona zote mbili kwa bei moja.

Jozi ndogo mkononi, 3 mbili, 5 mbili. Unatafuta seti, na seti inakuja flopu kama mara moja katika 8 na nusu. Lipa kama ni rahisi na kama wote wawili mna rundo, mimi naangalia kama mara 15 ya ninacholipa. Unalipa 4, awe na 60 mbele. Isipokuja, akikuwekea dau, tupa. Ikija, usijifiche! Weka dau palepale.

Jozi mbili halafu meza inatisha. Una kingi na 9, flopu kingi, 9, 5, umetoza vizuri, halafu riva inaleta kopa ya nne mezani na wewe huna kopa. Akipita na wewe pita. Akiweka dau dogo sana, fuata ukitaka kuona. Akiweka kubwa na siku zote ni mtu wa kufuata tu, anayo. Inauma, najua, ulikuwa mbele muda wote, lakini mzigo haugawiwi kwa aliyekuwa mbele flopu.

5. Mfuataji akipandisha, simama

Hii nimeitenga peke yake kwa sababu ndo inayomaliza watu korosho kuliko nyingine zote.

Una ree mbili. Flopu 10, 8, 3. Unaweka dau, mfuataji anafuata. Mzigo 40. Tani inakuja 8 nyingine. Unaweka 20. Sasa mwangalie. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono mmoja kwenye sahani ya ming'oko, kila dau anafuata bila hata kutazama. Safari hii ameacha kutafuna. Amekaa sawa, anatazama karata zake mara ya pili, anahesabu komwe sita anazipanga moja juu ya nyingine anazisukuma katikati, 60.

Hesabu inasema: unaongeza 40, mzigo utakuwa 160, unahitaji asilimia 25. Kwa karatasi inaonekana rahisi. Lakini swali ni mara ngapi huyu bwana amepandisha na hana kitu? Rudi kwenye daftari lako, rudi kwenye kila mkono aliofunua toka magharibi. Kama jibu ni hakuna hata siku moja, basi huna hiyo 25, ana 8, labda ana fulu hausi kabisa, na riva ataweka tena kilichobaki. Ree mbili zako na zile 8 za mezani ni jozi mbili tu. Zitupe.

Vijana wengi wananibishia hapa, wanasema "labda kapiga mkwara". Mkwara unahitaji mtu anayewaza wewe una nini. Mfuataji anawaza karata zake tu, akipandisha ni kwa sababu karata zake zimemfurahisha.

Kwa yule mkwara mwingi geuza kila kitu. Huyo akipandisha na wewe una jozi ya juu, fuata. Fuata tani, fuata riva. Usipandishe, ukipandisha anashtuka anaachia, na wewe unataka aendelee kusukuma.

6. Dau liwe kubwa kuliko unavyodhani

Mtu wa kufuata haangalii ukubwa wa dau, anaangalia kama ana kitu. Kama atafuata 10 na atafuata 18, kwa nini umwekee 10? Mzigo wa 20 ukimtoza nusu nusu mara tatu unapata 10, kisha 20, kisha 40, jumla 70 mpaka riva. Ukimtoza mzigo mzima unapata 20 flopu na 60 tani, tayari 80 na riva bado. Ukiwa na seti, jozi mbili safi, flashi, weka robo tatu ya mzigo au mzigo mzima. Ukiwa na jozi ya juu yenye karata nzuri ya pembeni, theluthi mbili.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kujificha na mkono mkubwa. Mtu ana seti anapita flopu, anapita tani, anadhani anatega. Mbele ya mtu mjanja sawa, mtego una kazi. Mbele ya mfuataji umempa karata mbili za bure ambazo angezilipia kwa furaha, na moja kati ya hizo ndo itampa streiti.

7. Mkwara uweke akiba

Najua umeangalia zile za Las Vegas. Mwaka 2003 kwenye fainali ya World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alibaki na Sammy Farha peke yao, flashi yake haikuja, streiti haikuja, ana kingi kavu bila jozi, akasukuma vyote. Farha alikuwa na jozi ya juu ya 9 na akaitupa. Mkono mtamu, lakini tazama aliyeutupa: Farha alikuwa mchezaji wa kazi, mtu anayeweza kujiuliza mwenzangu ana nini, akaogopa akaachia. Mpelekee mkwara ule ule jirani yako ambaye hajaiva, akiwa na jozi ya 9, atasema "haya tuone" na ataona.

Kwa mwoga mkwara ruksa, dau moja, nusu ya mzigo, akifuata acha hapo hapo. Kwa mfuataji, sifuri. Na usimfundishe mezani wala kumfokea "ulifuataje na karata ile?" Unamuaibisha mbele za watu, na kama ni mtu mzima umemkosea adabu. Akitaka kujifunza atakuuliza mkimaliza, hapo mweleze vizuri kwa upole, mchezo unanoga meza nzima ikijua.

Mambo yakigoma

"Ree mbili zangu zinapigwa kila siku." Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya watu watano zinashuka mpaka chini kidogo ya nusu. Kwa hiyo ukipandisha hadi 4 na wakafuata wote, umejitakia. Panda zaidi mpaka ubaki na mmoja au wawili.

"Napandisha hadi 8 bado wanafuata wote." Nenda 12, nenda 14, na punguza karata unazoingia nazo. Meza ya hivyo inataka jozi kubwa na karata kubwa, zile 6 na 7 zote kopa au zote pau unazozipenda ziache kwa leo.

"Nimefuata hatua zote nimeliwa saa nzima." Inawezekana kabisa na hujakosea popote. Mwenye flashi ya kungojea anapata mara 35 katika 100, hizo 35 lazima zimkute mtu, na leo ni wewe. Angalia kitu kimoja: korosho zilipoingia mezani ulikuwa mbele au nyuma? Kama mbele, endelea vile vile.

"Mwenzangu wa kufuata ameanza kutupa karata." Basi amejifunza, au amechoka, au korosho zimebaki chache anazionea huruma. Rudi hatua ya kwanza, msome upya, na hapo ndo mkwara wa nusu mzigo unaanza kuwa na maana.

"Anasema ana jozi kumbe ana streiti, au kinyume chake." Wekeni sheria toka mwanzo: riva ikiisha kila aliyebaki anafunua zote mbili mezani, meza nzima inasoma tano bora. Anachosema mdomoni hakihesabiki, karata ndo zinaongea. Usikubali kumnyang'anya mtu mzigo kwa sababu hakujua alichonacho.

"Wote tuna jozi moja ile ile, nani kashinda?" Angalia karata ya pembeni, ila kumbuka ni tano bora tu. Wewe una ree na 7, yeye ree na 5, mezani ree, kingi, kwini, jeki, 2: wote mnacheza ree mbili na kingi, kwini, jeki. Mnagawana. Mzigo ukiwa na korosho isiyogawanyika, ile moja inayobaki anapewa aliye karibu zaidi kushoto kwa mgawaji.